Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kuendesha Taa za LED za Sikukuu kwa Kompyuta

Maswali haya huanza kuulizwa jijini Dar es Salaam mwezi Oktoba, watu wanapotoa taa makabatini kwa ajili ya Krismasi na Mwaka Mpya, na hurudi tena Ramadhani inapoelekea ukingoni na baraza za nyumba zikaanza kupambwa kwa ajili ya Idi. Wengi hutaka kwanza kujua wapakue programu gani. Mimi huwauliza taa walizonazo zina nyaya ngapi, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii ni umeme na nyaya, na kompyuta huja mwishoni.

Je, taa zangu za zamani za kuchomeka ukutani zinaweza kuendeshwa na kompyuta?

Zinaweza kuwashwa na kuzimwa, lakini haziwezi kubadilishwa moja moja. Taa za kamba zinazochomekwa moja kwa moja kwenye soketi ya volti 230 hufungwa kwa mfululizo, makumi ya taa katika mstari mmoja, na kile kiboksi chenye kitufe cha mitindo minane huwasha na kuzima makundi machache ya taa hizo kwa zamu. Ndani ya taa yenyewe hakuna chipu inayoweza kupokea amri, kwa hiyo hakuna programu itakayoifanya taa ya 37 iwe ya buluu huku ya 38 ikiwa nyekundu.

Jambo la hatari ni kwamba kiboksi hicho kwa kawaida hakina transfoma ya kutenganisha umeme wa ukutani na nyaya za taa. Waya ule mwembamba, hata kama taa zake ni ndogo kama punje za mchele, unaweza kukupiga kwa nguvu ileile ya soketi. Usiukate ukauunganisha na kidhibiti cha volti 5, na usiusogeze kabisa karibu na kompyuta. Ukitaka taa hizo ziingie kwenye mapambo yako, zipitishe kwenye relei, ambayo hupokea amri upande mmoja na kukata au kuunganisha umeme wa ukutani upande wa pili bila pande hizo kugusana. Relei ya kawaida, ile inayotoa mlio inapofunga, inafaa kwa kuwasha jioni na kuzima usiku. Ukiilazimisha kufuata mapigo ya ngoma itachakaa mapema. Relei isiyo na sehemu zinazosogea hustahimili kasi, ila huvujisha umeme kidogo hata ikiwa imezimwa, na LED hutosheka na umeme kidogo mno, kwa hiyo utaziona zikibaki na mwanga hafifu usiku kucha.

Nitatambuaje aina ya taa nilizonazo?

Hesabu nyaya, kisha mulika tochi ya simu usome maandishi yaliyochapwa kwenye mkanda wenyewe. Mkanda wa nyaya nne ulioandikwa 12V, G, R na B (kijani, nyekundu na buluu) hubadilika rangi wote kwa pamoja, na mara nyingi huuzwa na rimoti yenye vitufe 44. Kompyuta inaweza kuuchagulia rangi na kiwango cha mwanga, lakini haiwezi kuikimbiza rangi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mkanda au kamba ya nyaya tatu yenye 5V au 12V, kisha DI au DIN (data inapoingilia), kisha GND (hasi), ndiyo inayotafutwa na wengi, kwa kuwa kila taa ina chipu yake na hupokea amri yake. Katika mikanda mingi ya volti 12 yenye chipu ya WS2811, chipu moja huongoza taa tatu kwa pamoja, kwa hiyo taa tatu jirani huwa na rangi moja daima.

Hesabu ya nyaya peke yake inaweza kukupotosha. Mkanda wa WS2815 nao una nyaya nne, mbili kati yake zikiwa zimeandikwa DI na BI, na waya wa ziada ni njia ya akiba ya data, ili chipu moja ikifa zile zinazofuata ziendelee kuwaka.

Ninunue zipi, na nikifika Kariakoo niulizeje?

Taja jina la chipu (kama WS2812B ya volti 5 au WS2811 ya volti 12), volti na idadi ya taa kwa mita. Ukisema tu kwamba unataka taa za rangi, utapewa mkanda wa rimoti wa nyaya nne na utarudi nyumbani ukiwa umeridhika hadi jioni. (Kariakoo kuna mtaa unaoitwa Sikukuu, lakini jina hilo lisikuhadae ukadhani duka lolote la hapo litakuwa na unachokitaka.) Omba mkanda uwashwe dukani wote, uliofunuliwa, na utazame taa ya mwisho kwa makini kuliko ya kwanza.

Uamuzi mkubwa ni kati ya volti 5 na volti 12, na hapa inafaa kupiga hesabu kabla ya kutoa pesa. Tuchukue nyumba ya Tabata ambayo pawa saplai, kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa wa volti 5 au 12, iko sebuleni na taa ziko kwenye geti, umbali wa mita 10. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 0.012 kwa kila mita, na kwa kuwa umeme huenda na kurudi, waya wote ni mita 20, sawa na omu 0.24. Ukipitisha ampea 5 kwenye waya huo, volti 1.2 zinapotelea njiani. Taa za volti 5 zitafikiwa na volti 3.8 tu, na mwanga mweupe utageuka kuwa wa rangi ya chai ya maziwa, kwa sababu taa za buluu na kijani huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu na ndizo zinazofifia kwanza. Taa za volti 12 zitafikiwa na volti 10.8, na jicho halitaona tofauti ya maana. Kwa sababu hiyo mimi huchagua volti 12 kwa fensi, geti na ukingo wa paa, na volti 5 kwa baraza, madirisha na mti wa Krismasi, ambako pawa saplai inaweza kukaa karibu.

Kompyuta inaunganishwaje na taa hizo?

Hazikutani ana kwa ana. Kila taa ya WS2812B husubiri biti 24 (biti ni sifuri au moja), nane kwa kila rangi, na kila biti huchukua mikrosekunde 1.25. Taa ya kwanza huchukua biti zake na kuzipitisha zinazobaki kwa jirani yake, kama bakuli la tende wakati wa kufuturu, kila mtu akichukua yake na kumpitishia aliye pembeni. Kompyuta ya kawaida, inayoshughulika na mambo mia kwa wakati mmoja, haiwezi kuaminiwa kutunza muda mfupi namna hiyo, ndiyo maana kazi hupewa kidhibiti kidogo kilicho kati yake na taa. Kompyuta hukipelekea picha nzima kwa waya wa USB au kwa Wi-Fi, nacho huigawa biti kwa biti.

Kidhibiti ninachopendekeza ni ubao wa ESP32, kikompyuta kidogo chenye Wi-Fi, wenye programu ya WLED, ambayo ni ya bure. Ubao huchomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB na programu huwekwa kupitia kivinjari cha Chrome. Hakikisha waya huo unapitisha data, kwa maana nyingi zinazokuja na chaja za bei nafuu hupitisha umeme tu, na watu hupoteza jioni nzima wakiulaumu ubao. Programu ikishakaa, ubao utatangaza mtandao wake unaoitwa WLED-AP, wenye nywila wled1234. Ukijiunga nao na kuandika 4.3.2.1 kwenye kivinjari, utapata ukurasa wa mipangilio. Hapo utaeleza aina ya chipu, idadi ya taa, pini inayotoa data na mpangilio wa rangi.

Upande wa nyaya, mambo matatu yasirukwe. Kwanza, hasi ya pawa saplai ya taa na hasi ya ubao ziunganishwe pamoja, la sivyo taa hazina kipimo cha kujua data ni sifuri au moja. Pili, taa za volti 5 hutambua moja kuanzia volti 3.5, ilhali ESP32 hutoa 3.3, mara nyingine hufanya kazi mezani na kugoma ukutani, kwa hiyo weka katikati chipu ya kupandisha volti kama 74AHCT125. Tatu, weka rezista ya omu 330 hivi kwenye waya wa data karibu na taa ya kwanza, na kapasita ya mikrofaradi 1000 mahali umeme unapoingilia kwenye mkanda. Waya wa data usiwe mrefu; ni afadhali kupeleka kidhibiti karibu na taa kuliko kuivuta data kutoka chumbani.

Pawa saplai iwe kubwa kiasi gani?

Hesabu miliampea 60 kwa kila taa ya WS2812B inapowaka nyeupe kwa nguvu zote. Mkanda wa mita 5 wenye taa 60 kwa mita una taa 300, kwa hiyo ni ampea 18, yaani wati 90. Pawa saplai isifanyishwe kazi kupita asilimia 80 ya uwezo wake, hasa katika joto la Desemba la Dar es Salaam, na kwa hesabu hiyo ungehitaji ya ampea 25 kwa volti 5. Unaweza pia kuiambia WLED isivuke kiwango fulani cha umeme, nayo itapunguza mwanga yenyewe. Mara inapowekwa huwa imejiwekea kikomo cha miliampea 850, na ndiyo sababu watu wengi hulalamika siku ya kwanza kwamba taa zao mpya hazina nguvu.

Kabla ya kuichomeka pawa saplai ya boksi la bati lenye matundu, tazama pembeni mwake. Nyingi zina kiswichi kidogo cha kuchagua kati ya volti 110 na 220, na ikiwa kimeachwa kwenye 110, soketi yetu itaiua kwa kishindo. Kwa mkanda mrefu, umeme uingizwe pande zote mbili, na hata katikati, kwa nyaya nene zinazotoka kwenye pawa saplai ileile, kila tawi likiwa na fyuzi yake.

Kwa nini nisichukue umeme wa taa kwenye USB ya kompyuta?

Tundu la USB 2.0 limekusudiwa kutoa miliampea 500, ambazo zinatosha taa nane nyeupe.

Je, lazima niwe na bando muda wote?

Hapana. Mtandao wa Wi-Fi na intaneti ni vitu viwili. Ruta ya nyumbani isiyo na bando hata la siku moja bado inaunganisha kompyuta, simu na kidhibiti, na hata ruta isipokuwepo, WLED hutangaza mtandao wake. Kumbuka tu kwamba ESP32 ya kawaida husikia Wi-Fi ya gigahezi 2.4 peke yake, kwa hiyo ruta au hotspoti ya simu iliyowekwa kwenye gigahezi 5 haitaonekana kabisa.

Unachokikosa bila intaneti ni saa, kwani kidhibiti huuliza wakati kupitia intaneti ili kijue lini kiwashe.

Nimepanga taa ziwake jioni lakini zimewaka mchana. Tatizo ni nini?

Chunguza mambo mawili. La kwanza ni ukanda wa saa, ambao kwetu ni UTC+3. La pili ni letu sisi wenyewe. Shangazi yangu alitaka taa za baraza ziwake saa kumi na mbili na nusu jioni, akaandika 12:30, na taa zikawaka saa sita na nusu mchana jua likiwa utosini; kwa siku mbili alikuwa akisema taa hizo ni mbovu kwa kuwa jioni alizikuta zimeshazimika. Kidhibiti hakijui saa za Kiswahili, kwa hiyo andika 18:30. Njia rahisi zaidi ni kukiwekea mahali ulipo, takriban digrii 6.8 kusini na 39.3 mashariki, kisha ukiambie kiwashe jua linapozama.

Ninawezaje kuzifanya taa zifuate muziki?

Zipo njia mbili, na haziko sawa. Njia nyepesi ni kukiunganisha kidhibiti na kipaza sauti kidogo, ili taa ziitikie kelele inayosikika. Inafaa kwa sherehe ya uani, lakini bodaboda ikipita taa nazo zinacheza. Njia nzito ni kuandika mpangilio wa wimbo mzima kwa programu ya bure ya xLights, inayofanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Humo unachora nyumba yako, unaonyesha kila mstari wa taa ulipo, unaingiza faili ya wimbo, kisha unaamua nini kitokee na wakati gani. Kwa picha 40 kwa sekunde, wimbo wa kwaya wa dakika nne una picha 9,600. Programu huzijaza nyingi kwa mitindo iliyo tayari, lakini jioni kadhaa zitakwenda.

Wakati wa kucheza, kompyuta hutuma data kwa vidhibiti kupitia mtandao kwa itifaki ya DDP au E1.31. E1.31 hugawa data katika mafungu ya chaneli 512, na kwa kuwa kila taa hutumia chaneli tatu, fungu moja hubeba taa 170. DDP haina mgawanyo huo, nami huipendelea kwa sababu makosa ya kuhesabu mafungu ndiyo hula muda wa wengi. Usiweke taa nyingi mno kwenye pini moja: taa moja huchukua mikrosekunde 30, hivyo taa 1,000 huchukua takriban milisekunde 30, na huwezi tena kufikia picha 40 kwa sekunde. Zigawe kwenye pini mbili. Ukichoka kuacha kompyuta mpakato imewashwa kila usiku, Raspberry Pi yenye programu ya Falcon Player inaweza kuchukua nafasi yake.

Taa zinawaka ovyo au rangi si sahihi. Nianzie wapi?

Anzia kwenye waya, wala si kwenye programu. Ukiomba nyekundu ukapata kijani, badili mpangilio wa rangi kwenye WLED kutoka RGB (nyekundu kwanza) kwenda GRB (kijani kwanza), basi. Zisipowaka kabisa, tazama mishale iliyochapwa kwenye mkanda: data huingia upande wa DI tu, na mkanda uliogeuzwa hukaa kimya. Zikimetameta ovyo zote, shuku hasi isiyounganishwa au waya mrefu wa data. Zikiwaka vizuri hadi mahali fulani kisha zikakatika, mwenye kosa ni taa ya mwisho iliyowaka au ya kwanza isiyowaka; kata kipande hicho, uunganishe upya kwa lehemu. Ncha ya mbali ikiwa na wekundu, rudi kwenye swali la pawa saplai.

Mvua na hewa ya bahari vitaziathiri?

Sana, na vuli huweza kutukuta tayari tumeshafunga mapambo. Kwa nje nunua mkanda wa IP67 (daraja la kuzuia vumbi na maji), uliomo ndani ya mpira mzima, badala ya ule uliopakwa silikoni upande mmoja tu. Sehemu dhaifu si mkanda bali ni viungo: kila ulipokata na kuunga, paka silikoni isiyo na harufu ya siki, kwa sababu ile ya siki hula shaba. Msasani au Kigamboni, karibu na maji, kiungo kilichozungushiwa tepu peke yake hugeuka kijani.

Pawa saplai ikae chini ya paa, ndani ya boksi la plastiki, nyaya zikiingilia chini na kuning'inia kidogo kabla ya kupanda, ili maji yadondoke yasiufuate waya ndani. Matundu ya hewa yafunikwe kwa wavu wa mbu. Niliwahi kuifungua pawa saplai iliyokufa ghafla nikamkuta mjusi kafiri amekauka kati ya skrubu mbili za volti 230, mkia upande huu na kichwa upande ule.

Upande huo wa volti 230 umpe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, naye aweke swichi inayokata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Geti la chuma lililolowa mvua hushikwa na wageni wote.

Zitakula LUKU kiasi gani?

Kidogo kuliko wengi wanavyohofia. Mkanda wetu wa wati 90, ukiwaka mweupe kamili kwa saa 5, hutumia yuniti 0.45. Ila mapambo hayawaki hivyo. Mitindo ya rangi hutumia mara nyingi theluthi moja au chini yake, yaani takriban yuniti 0.15 kwa usiku.

Umeme ukikatika na kurudi, nifanye nini?

Weka kwenye WLED mtindo wa kuanzia ambao una mwanga mdogo, ili umeme unaporudi taa zote zisidai nguvu kamili kwa mpigo. Pawa saplai ichomekwe kwenye kinga ileile inayochelewesha umeme ambayo watu huiwekea friji.

Sikukuu ikiisha, nizihifadhije?

Zungusha mkanda kwenye kipande cha boksi gumu bila kuukunja kona kali, kwa kuwa shaba yake hukatika ndani na huoni kitu kwa nje. Kisha bandika tepu kwenye kila ncha na uandike kwa kalamu ya wino usiofutika volti ngapi na data inaingilia wapi. Mwaka mmoja sikuandika. Disemba iliyofuata nilichukua adapta ya ruta ya volti 12, ambayo plagi yake iliingia bila shida kwenye mkanda wangu wa volti 5, na kabla sijanyanyua mkono taa ya kwanza ilikuwa imeshapata doa la kahawia katikati na chumba kimeanza kunuka.